Mstari wa Maji Nyumbani kwa Owiti

Majirani wa Mirongo wanamjua Perez Owiti kama mwalimu wa kompyuta, na kwao maana yake ni kwamba simu ikigoma kuwaka apelekewe yeye. Ameshachoka kueleza. Siku hizi anaipokea hiyo simu, anaigeuzageuza kwa heshima, kisha anamsindikiza mwenyewe mpaka kwa fundi wa kona, na watu wanaondoka wakisema dada huyu amesoma lakini hana maringo. Kazi yake halisi hakuna anayeiulizia.

Kazi yake halisi ni kulitazama ziwa kutoka juu. Satelaiti inapita, inapiga picha, na picha zinamfikia chuoni zikiwa na mawingu na rangi zisizoeleweka. Anazisafisha. Ameifundisha kompyuta kutofautisha magugu maji na mafunjo, na mafunjo na ule utando wa kijani unaotanda wakati wa joto, maana ukiwa kule juu vyote ni kijani tu. Halafu anazipanga picha kwa mfuatano, na kwa kuwa satelaiti haipiti kila siku, siku zilizokosa picha anazijaza kwa hesabu: upepo ulivuma kutoka wapi, maji yalielekea wapi, basi magugu yalikuwa wapi. Mwisho wake inapatikana sinema. Unaiona Ghuba ya Mwanza yote imelala mbele yako, na mazulia ya magugu yanatembea juu yake, mchana yakisukumwa kusini na upepo wa ziwani, usiku yakivutwa kurudi.

Watu wa vivuko waliipenda sinema hiyo kwa sababu iliwaambia mapema mwalo gani wa kushusha abiria unakaribia kuzibwa. Wavuvi waliipenda kwa sababu ilinusuru nyavu zao. Lakini aliyeipenda kuliko wote ni mdogo wake wa kiume, Okomo, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Yeye ndiye aliyeibatiza jina la “sinema ya magugu”. Alikuwa nayo kwenye simu, na mteja akija kununua dagaa hakuondoka kabla ya kuonyeshwa kazi ya dada yake, atake asitake. Wengine walinunua haraka ili wasionyeshwe mara ya pili.

Hao wawili walilelewa ukingoni mwa ghuba, upande wa Misungwi. Baba yao, Alexander Owiti, alikuwa fundi mitumbwi. Alitoka Rorya akiwa kijana, na tezo na randa kwenye gunia, akaifuata kazi kutoka mwalo hadi mwalo mpaka akafika kwa Wasukuma wa pale, wakampa sehemu karibu na maji, akajenga. Alizungushia mji wake ugo wa minyaa, kama kwao, na watoto wake wakakua wakizungumza Kijaluo ndani ya ugo na Kisukuma nje yake. Mama yao, Akumu, alilima mashamba mawili, moja chini kidogo ya nyumba na jingine juu yake, na kukausha dagaa mbele ya nyumba.

Perez ndiye aliyekuwa akimshikia baba kamba ya masizi. Kamba inapakwa masizi ya sufuria, inavutwa juu ya ubao kutoka ncha hadi ncha, kisha inainuliwa katikati na kuachiwa. Inaacha mstari mweusi ulionyooka, na msumeno unaufuata. Siku moja mtoto alishika vibaya, mstari ukaenda kombo, akaanza kuufuta kwa kidole kabla baba hajaona. Baba alikuwa ameshaona.

“Acha. Ukifuta kwa kidole unabaki weusi weusi, na kesho nitaufuata huo nikidhani ndio wenyewe,” alimwambia. “Mstari ukikosewa unapigwa randa. Halafu tunapiga mwingine.”

Perez hakujua wakati ule kwamba atakuja kula kwa mistari. Alisoma kwa ada zilizotokana na mitumbwi, akaenda mbali, akarudi na cheti ambacho baba yake alikishika kwa mikono miwili kwa kuogopa kukichafua. Muda mfupi baadaye mzee Alexander alifariki. Walimzika ndani ya ugo, mbele ya nyumba yake, wakalijengea kaburi kwa saruji na kulipaka chokaa.

Kisha ikaja ile miaka ambayo ziwa lilipanda. Mvua zilinyesha zikapitiliza, na maji yakaja taratibu, bila kelele, siku yamefika kwenye shina la mpapai, siku yamefika mlangoni. Familia ilibomoa bati, ikabeba milango, ikajenga upya juu, karibu na shamba. Nyumba ya zamani ya udongo iliyeyuka. Kuhusu kaburi, ukoo ulikutana na kuamua kwamba mzee hafukuliwi. Likafunikwa na maji likiwa na chokaa yake. Mafunjo yakaota pembeni, magugu yakajaa katikati, na pale palipokuwa na mji wa Owiti pakawa kijighuba kilichozibwa kijani kibichi mwaka mzima. Hakuna mtumbwi ulioingia humo. Wavuvi wa pale, Wajaluo kwa Wasukuma, hawatupi nyavu juu ya makaburi, na hakuna aliyehitaji kuwakataza.

Sasa, sinema kama ile ya Perez haitengenezeki bila mpaka wa ziwa. Lazima kompyuta iambiwe maji yanaishia wapi, na hapo yanapoishia panakuwa ukuta: kitu kinachoelea kikiugusa kinarudishwa majini. Ziwa lilipopanda, mpaka wa zamani ukawa haufai tena. Perez alitumia likizo nzima kuuchora upya, mwalo baada ya mwalo, kwa mkono, akiangalia picha mpya. Alipofika nyumbani kwao aliacha. Aliona kwenye picha kwamba ugo haupo, na mahali pa kaburi pana rangi ile ile ya magugu kama kwingine kote. Akajiambia atarudi siku nyingine. Ni kijighuba kidogo, hakuna kivuko, hakuna bomba la maji, hakitamdhuru mtu. Akauacha mstari wa zamani ulivyokuwa, na picha ya zamani ya mji wao nyuma yake, kisha kwenye nchi kavu akaweka nukta nyeupe kwa ajili ya baba yake. Hakumwambia mtu. Katika ghuba nzima ya kompyuta yake, hapo ndipo mahali pekee ambapo maji hayakupanda.

Ilikuwa mapenzi, wala tusimcheke. Wangapi kati yetu wana namba ya simu ya marehemu ambayo hawawezi kuifuta?

Okomo alizama siku ya upepo. Mtumbwi wa injini aliopanda uliondoka kisiwani, alikokwenda kununua mzigo, mchana ukiwa umeshiba magunia ya dagaa, na walipokaribia mdomo wa ghuba upepo uligeuka ghafla, ukaupindua. Wenzake wawili waling'ang'ania dumu tupu mpaka wakaokolewa. Walisimulia kwamba ndani ya maji walimsikia Okomo akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, kuhakikisha wapo. Waliitika. Kisha hawakumsikia tena.

Watu wa Mwaloni waliacha biashara wakatafuta. Walizunguka visiwani, walipita kando ya mawe yote, waliuliza kila mwalo. Kwa kawaida ziwa lile halikai na mtu muda mrefu, baada ya siku chache linamrudisha juu. Safari hii halikumrudisha. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na kule Misungwi watu waliokaa matanga wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini nini kifanyike.

Kwa Wajaluo jambo hilo lina utaratibu wake. Mtu aliyepotea majini asipopatikana, hutafutwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mti wake kwa kikonyo kirefu kama kamba. Linavikwa sanda, linalazwa kaburini mahali pa mwili, na watu wanalia juu yake kilio cha kweli. Baada ya hapo msiba unakuwa na mwisho. Mjane anajulikana kuwa mjane, watoto wanajua baba yao amelala wapi. Antoni, mdogo wake mzee Alexander, ndiye aliyelisema hilo, na hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akimtazama Rose, mke wa Okomo, anayeshinda amekaa mlangoni uso ameuelekeza ziwani, mtoto mchanga mapajani.

Mama Akumu alikataa. Alipanda gari akaja Mirongo, akamkuta binti yake anatoka kazini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Hakukaa. “Baba yako mdogo anataka tunda. Mimi siziki tunda wakati nina mtoto anayejua kila kinachoelea kwenye hili ziwa kimeenda wapi. Nitafutie mdogo wako.”

Perez alimweleza. Magugu yana majani, upepo unayashika. Mtu ni mwingine, mtu anakwenda na maji, tena kwanza yuko chini ndipo anapanda. Kompyuta haijafundishwa kumfuata mtu.

“Basi ifundishe,” alisema mama, ndipo akakaa.

Akaifundisha. Mwenzake wa chuoni, Mihayo, alimkusanyia vipimo vya upepo vya siku zile zote, na alipoona kinachofuata alimwomba amwachie yeye sehemu hiyo. Ilibidi iandikwe uzito wa Okomo, urefu wake, nguo alizovaa, atakaa chini muda gani kwa joto lile la maji na atapanda lini. Perez alikataa kumwachia. Alisema kama kuna mtu wa kumwandika Okomo, ni dada yake. Aliandika kila kitu kwa usahihi, kisha akatoka nje akanawa uso, akarudi kitini.

Kwa kuwa hakuna anayejua hasa mtumbwi ulipindukia wapi, aliweka nukta nyekundu maelfu, kila moja ikiwa njia mojawapo ambayo Okomo angeweza kuipita. Nukta zilisubiri, zikapanda juu, zikaanza safari. Ziliingia ghuba. Ziliteremka kusini pamoja na magugu, zikapita Mwanza, zikaendelea upande wa Misungwi, zikakaribia nyumbani kwao kabisa. Hapo zikageuka. Upepo wa usiku ukazichukua kuzirudisha kaskazini, na siku zilizofuata zikatawanyika ziwani, kwenye maji makubwa.

Mitumbwi ilikwenda huko. Mihayo alikwenda nayo, ingawa hajui kuogelea na anaogopa hata kivuko. Alirudi ameungua uso kwa jua.

“Pole mwalimu,” alisema. “Kule ni maji matupu.”

Mama alipoelezwa alisema kama mashine ya mwanawe imesema Okomo amekwenda kule mbali, basi hana la kubishana nayo. Akampigia Antoni simu yeye mwenyewe. Walete tunda.

Perez alifika nyumbani siku moja kabla ya mazishi, mchana. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa upande wa juu wa shamba. Tunda lilikuwa ndani, juu ya mkeka, limefungwa kitambaa cheupe, na mtu angelitazama kwa haraka angefikiri ni mtoto amelala. Rose alikuwa ameketi karibu nalo. Perez alimpa mkono wifi yake, akaenda kukaa nyuma ya jiko, mahali ambapo hangesemeshwa.

Mama alimfuata huko na stuli.

“Umekuja na kompyuta?”

“Ninayo, mama.”

“Nionyeshe tena. Si kule alikoishia. Nionyeshe pale alipokaribia nyumbani.”

Ilikuwa ombi la mama aliyefiwa na si zaidi. Perez aliwasha, akairudisha sinema nyuma, akasogeza picha karibu, karibu zaidi, kuliko alivyowahi kumsogezea mtu yeyote. Ghuba ikawa kubwa, kijighuba kikajaza kioo chote. Na pale mbele ya macho ya mama Akumu ukaonekana ufukwe wa zamani, na alama ya ugo, na shamba la chini, na ndani ya ugo nukta nyeupe.

Mama aliinama. Alinyoosha kidole asiguse kioo.

“Hii ni nini, hii nyeupe?”

“Ni baba.”

Kidole cha mama kilitembea kwenye njia ya kisimani ambayo sasa samaki wanapita, kikageuka pale ulipokuwa mlango wa ugo.

“Hukutuacha tuzame,” alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha, ya kwanza tangu msiba uingie, na Perez aliipokea furaha hiyo moyo ukimuuma, akawasha sinema iendelee ili machozi yasimtoke.

Nukta nyekundu zikaja. Kwa karibu vile hazikuwa tena kundi, zilionekana moja moja. Zilikuja na upepo wa mchana, zimenyooka, zinaelekea moja kwa moja kwenye ugo. Zikaugonga ufukwe. Zikasimama, zikaugonga tena, zikateleza pembeni, zikarudi majini. Zikaja nyingine, nazo zikagonga. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Karibu zote zilipita hapo, na karibu zote ziligeuzwa hapo hapo, mbele ya nukta nyeupe.

Perez alisimamisha sinema.

“Mama, nimekosea.”

“Umekosea nini?”

“Hapa pamezama. Kila mtu anajua pamezama. Mimi nilipaacha pakavu.” Aliongea polepole, kwa sababu alikuwa akijieleza mwenyewe pia. “Hizi nukta zinakuja, zinagonga huu mstari, zinafukuzwa. Kweli yenyewe ni kwamba hakuna cha kugonga. Kuna maji na magugu. Kitu kikiingia humo hakitoki.”

Mama aliutazama mstari.

“Kwa hiyo alikuja nyumbani, ukamfungia mlango.”

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Perez aliinamisha kichwa. Aliona aibu kali, siyo ile ya mtaalamu aliyekosea hesabu, ile ya mtoto aliyefuta kwa kidole. Na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu. Kesho watu watalizika tunda lile na kufukia kaburi, na kama Okomo yuko pale chini, umbali wa kuita mtu akasikia, mama yake atakuwa amezika tunda wakati mtoto wake yuko nyumbani.

“Baba yako, mstari ukikosewa, alikuwa anafanyaje?” aliuliza mama.

“Anapiga randa.”

“Basi piga.”

Alifuta mpaka mbele ya mama yake. Hauondoki mara moja, unafutwa kipande kwa kipande, na kila kipande alichofuta maji yaliingia ndani kidogo. Shamba la chini lilikwenda. Njia ya kisimani ilikwenda. Ugo ulikwenda. Mama aliyaona maji yakipanda mara ya pili, haraka kuliko mara ya kwanza, na aliushika ukingo wa stuli kwa mikono yote miwili lakini hakusema acha. Nukta nyeupe ilibaki peke yake katikati ya maji. Perez aliifuta mwisho. Kisha akachora mstari mpya huko juu ulikostahili kuwa, chini kidogo ya pale walipokuwa wameketi, akaianzisha hesabu upya.

Nukta zikaja na upepo wa mchana. Zikaingia. Upepo wa usiku ukaja, zikatikisika, zikabaki. Asubuhi ya kwenye kioo ikafika, mchana, usiku mwingine, na kile kijighuba kikajaa wekundu kama kidonda.

Kumwambia baba mdogo Antoni ilikuwa kazi nyingine. Alisikiliza hadi mwisho, mzee wa watu, kofia mkononi.

“Juzi mashine ilisema yuko kule,” alisema. “Leo inasema yuko huku. Kesho itasema wapi? Watu wamekuja, kaburi liko wazi. Na pale, binti yangu, hatupigi kasia. Pana mwenyewe.”

“Kesho haitasema kitu, baba mdogo. Kama nimekosea tena, nitalibeba tunda mimi mwenyewe mpaka kaburini, na sitaitaja tena mashine mbele yako.”

Antoni alimtazama Rose. Wote walikuwa wakimtazama Rose, kwa sababu ni yeye ambaye angevunjika mara ya pili.

“Nimengoja siku zote hizi,” alisema Rose. “Asubuhi moja zaidi haitanishinda.”

“Shemeji,” alisema mama Akumu, “aliyelala pale ni kaka yako. Atatupisha.”

Asubuhi waliingia na mitumbwi miwili. Vijana walitangulia na mapanga, wakikata magugu na kuyasukuma pembeni, na mkato waliofungua ulijifunga nyuma yao baada ya muda mfupi. Walipofika mahali ambapo maji hayazidi kifua, Antoni alivua kofia, akaongea Kijaluo, akamwomba kaka yake radhi kwa kupita juu yake, akamweleza wamemfuata nani. Perez alikuwa kwenye mtumbwi wa pili pamoja na mama. Aliyaona maneno ya baba mdogo yakiingia kwenye yale maji ya kijani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi yake akaona jinsi picha ya kutoka juu ilivyo mbali.

Walimkuta kwenye minyaa. Ugo ulikuwa umekufa lakini vishina vyake vilisimama bado chini ya magugu, vimebanana, na Okomo alikuwa amezuiwa navyo kwa ndani, upande wa nyumba. Walimtambua kwa sweta na mkanda. Yaliyobaki hayahitaji kusimuliwa, na vijana walioyaona hawajayasimulia mpaka leo. Mama alivua khanga yake ya juu, akaitoa bila kuangalia, wakamfunika.

Alizikwa siku hiyo hiyo kwenye kaburi lililochimbwa kwa ajili ya tunda. Rose alilia kilio ambacho watu walikuwa wamekingoja, na mama Akumu akalia naye, na kilikuwa kilio kizito lakini kilikuwa na mahali pa kuanguka. Kuhusu tunda, hakuna aliyejua tunda lililokwisha kuvikwa sanda halafu mwenyewe akatokea linafanywaje. Wazee walishauriana wakashindwa. Mwishowe Antoni alilibeba begani, akaenda nalo peke yake hadi kwenye mti wake, akaliacha chini pamoja na kile kitambaa.

Perez hakulia siku ile. Alishika vikombe, aligawa maji, alipanga viti, alimjibu kila aliyempa pole. Aliporudi Mwanza aliupitia mpaka wote wa ziwa upya, mwalo kwa mwalo, akitafuta mahali pengine ambapo huenda alimwonea mtu huruma. Hakupakuta. Ilikuwa pale tu.

Mama yake alikuja Mirongo baada ya mavuno ya mpunga, na mfuko wa mchele mpya. Walikula, wakaongea habari za Rose na watoto, na za Antoni ambaye sasa amekuwa akiwatangazia watu sinema ya magugu kwa ujeuri kama wa Okomo. Kisha mama akaomba aonyeshwe nyumbani.

Perez aliogopa, lakini aliwasha, akasogeza karibu. Palikuwa maji. Kijani cha magugu, mstari mpya, na juu ya mstari, kwenye nchi kavu, nukta moja nyeupe ambayo alikuwa ameiweka bila kumwomba mtu ruhusa.

“Huyu ni Okomo,” alisema mama.

“Ndiyo, mama.”

“Na baba yako?”

“Nilimfuta. Uliona. Nikimrudisha nitakuwa nadanganya tena, mama. Pale hakuna nchi.”

“Sijasema umrudishe. Nionyeshe ni wapi.”

Perez aliweka kidole juu ya maji. Mama akaweka chake kando yake, mahali ulipokuwa ugo, walipomkuta Okomo, na kati ya vidole hivyo viwili hapakuwa na nafasi hata ya punje ya mchele.

“Ulinieleza kitu kikiingia humo hakitoki,” alisema mama. “Mimi nilikuwa nafikiri mwanangu alikaa peke yake siku zote zile. Sasa naona. Baba yake alimshika mpaka ulipokuja.”

Ndipo Perez alipolia, kwa sauti, kama mtu aliyefika msibani sasa hivi. Mama hakumnyamazisha. Alibaki pale pale, kidole chake bado kiko juu ya maji.